Mwili Haulegei kwa Kuambiwa

Meno yako ya juu na ya chini yanagusana sasa hivi? Usiyaachanishe kwanza, jibu tu. Mtu ambaye hali wala haongei, taya lake likiwa limepumzika kweli, meno yake huachana milimita 2 hadi 4 hivi, hata kama midomo imefungwa. Ukikuta yamebanana, ujue kuna msuli uko kazini na hakuna aliyeutuma. Sasa pitia mabega. Yamekaa chini, au yamepanda kuelekea masikioni? Na tumbo, nani kakwambia ulibane?

Maswali haya nimewauliza wenzangu wengi ndani ya basi la wafanyakazi, asubuhi tukielekea Mji wa Serikali, Mtumba, hapa Dodoma. Jibu huwa ni kicheko, halafu mtu anapeleka mkono shavuni kimyakimya. Saa moja asubuhi hiyo. Kazi yenyewe haijaanza.

Mimi ni mhasibu serikalini, na kwa asiyejua maana yake, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Kuanzia Aprili Bunge la bajeti liko mjini, nyumba za wageni zimejaa, bajaji za Area C wamepandisha bei bila aibu. Ofisini madokezo yanapanda na kushuka, mfumo wa malipo unakuwa mzito kwa sababu nchi nzima imeuingia kwa wakati mmoja, na hoja za ukaguzi zinataka majibu yenye viambatisho ambavyo vilisainiwa na mtu aliyehamishiwa Kigoma. Katikati ya hayo kuna kiongozi anayepita mlangoni kila baada ya muda akisema, "Jamani tulieni, msipaniki." Sijawahi kuona mtu aliyetulia kwa sababu hiyo. Nimeona walioongeza kukaza shingo ili waonekane wametulia.

Wengi wetu tulihamia hapa baada ya Rais Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba serikali sasa inahamia Dodoma kweli, uamuzi ambao kwenye karatasi ulikuwepo tangu 1973. Familia nyingine zimebaki Dar es Salaam mpaka leo. Treni ya umeme iliyozinduliwa Agosti 2024 imepunguza adha ya safari, lakini haijapunguza ile hali ya kuwa mzazi wa Jumamosi na Jumapili tu. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani naleta habari za kupumua vizuri kama dawa ya kila kitu. Ada ya shule hailipwi kwa kulegeza mabega.

Lakini mabega yenyewe ni tatizo lake tofauti, na lina ufumbuzi.

Mwaka 1915 Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, usagaji wa chakula unasimama kidogo. Ni mpango mzuri sana kwa mtu atakayepigana au kukimbia. Mhasibu hafanyi lolote kati ya hayo. Anakaa. Misuli imeshaandaliwa, kazi haiji, na kesho yake asubuhi inaandaliwa tena juu ya maandalizi ya jana. Ndiyo maana jioni mtu hajabeba hata ndoo ya maji lakini mgongo unauma kama aliyeshusha tani ya saruji.

Mtu aliyelishika jambo hili kwa upande wa misuli ni daktari mmoja wa Chicago aitwaye Edmund Jacobson. Alianza akiwa mwanafunzi pale pale Harvard, akichunguza jinsi watu wanavyoshtuka wakisikia kishindo cha ghafla, akabaini kwamba aliyelegea vizuri hashtuki kama wengine. Baadaye akapima umeme mdogo sana unaotoka kwenye misuli. Alichokiona ndicho kinachonifanya nimheshimu: mtu amelala kitandani, anasema amepumzika, anaamini amepumzika, na kipimo kinaonyesha misuli yake bado inafanya kazi. Kuna mkazo unaobaki, na mwenyewe hana habari nao kwa sababu ameuzoea.

Kwa hiyo kumwambia mtu "legea" ni kumwomba aache jambo ambalo hajui kama analifanya. Njia ya Jacobson, aliyoichapisha mwaka 1929, inaanzia upande wa pili. Kaza kwanza. Kaza kwa makusudi, usikie kukaza kunafananaje, kisha achia usikie tofauti. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukitaka iende mbele mbali, unaivuta nyuma kwanza.

Njia yake ya awali ilikuwa ndefu mno, kipindi kizima kwa msuli mmoja, miezi na miezi. Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Afrika Kusini, aliifupisha katika miaka ya 1950 ili aitumie kwa watu wenye hofu kali, na mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bernstein na Borkovec, wakaipanga katika makundi 16 ya misuli. Hii fupi ndiyo iliyoenea hospitalini duniani kote, na ndiyo niliyokutana nayo mimi.

Nilipelekwa na shingo. Nilikuwa nimeshameza vidonge vya maumivu vya kutosha, nimepaka dawa za kuchua mpaka ofisi nzima inajua nimefika kabla sijafika, nimechuliwa na mama mmoja wa Chang'ombe mwenye vidole vya chuma. Nafuu ilikuwa inakuja na kuondoka na jioni. Hatimaye nikaandikiwa nimwone mtaalamu wa fiziotherapia, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Akanilaza chali, akaushika mkono wangu wa kulia kwenye kifundo, akauinua juu.

"Niachie uzito wote, mama. Nimeushika mimi."

"Nimekuachia."

Akaondoa mkono wake. Wangu ukabaki hewani, umesimama kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Akauangalia, akaniangalia.

"Sasa huu unashikwa na nani?"

Tulicheka wote wawili, lakini aliurudia ule mchezo mara kadhaa na kila mara mkono ulibaki juu. Mara nyingine ulishuka, ila ulishuka kwa adabu, nikiusindikiza mwenyewe. Hapo akanifundisha ngumi. Kunja ngumi ya kulia, kaza karibu uwezavyo, usifike mahali pa kuuma. Shikilia sekunde 5 hadi 7. Wakati huo sikiliza: kiganja kinavutaje, kuna joto kwenye mkono wa chini, kuna mtetemo mdogo kwenye kiwiko. Halafu achia yote kwa mpigo. Hapo alikuwa mkali. Usiufungue mkono taratibu kama unayefungua zawadi, uache uanguke. Kisha nusu dakika bila kufanya chochote, unasikiliza tu msuli unavyojaa damu na kuwa mzito.

"Umesikia tofauti?"

"Kama mkono wa mtu mwingine."

"Huo ndio wako, mama. Uliokuja nao ndio wa mtu mwingine."

Baada ya ngumi inakuja sehemu ya juu ya mkono, halafu upande wa kushoto, kisha uso. Paji la uso unalikunja kwa kuinua nyusi, macho unayafumba kwa nguvu, taya unalibana kidogo tu. Shingo ukiikaza, kuwa mpole nayo, hasa kama ina historia. Mabega unayapandisha mpaka yakaribie masikio, na hapa ndipo wengi wetu tunagundua kwamba safari ya kupandisha ni fupi kwa sababu tulikuwa tumeshafika nusu ya njia. Kifua, tumbo, makalio, mapaja, miguu ya chini, na mwisho vidole vya miguu. Miguu ya chini usiibane kwa muda mrefu maana hukaza mshipa ghafla, na ukikaza vidole vya miguu kwa pupa usiku utaruka kitandani. Zunguko zima linachukua dakika 15 hadi 20.

Kinachokuja baadaye ndicho chenye manufaa. Mtu akishazoea kuutambua mkazo kwa kuutengeneza mwenyewe, anaanza kuukamata unapoingia bila hodi. Simu inaita, jina la mkubwa linaonekana kwenye kioo, na wewe unasikia bega la kushoto likipanda. Zamani lilipanda vilevile. Sasa unaliona linapoanza kupanda. Huna haja ya kulala chini tena. Unalikaza kidogo zaidi pale pale kitini, unaliachia, unapokea simu.

Pumzi nayo ina nafasi yake, ingawa naona inasifiwa kupita kiasi na inafundishwa vibaya. Watu wanaambiwa "vuta pumzi ndefu", wanavuta vifua kama wanaotaka kupiga mbizi, wanavuta tena na tena, wanapata kizunguzungu na ganzi midomoni. Siri iko kwenye kutoa. Unapovuta hewa moyo huongeza kasi kidogo, unapoitoa hupunguza, na kazi hiyo ya kupunguza inafanywa na neva ndefu inayoitwa vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo mpaka tumboni. Kwa hiyo vuta kawaida kwa pua, tumbo likiinuka, kisha toa polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Pumzi 6 kwa dakika zinatosha. Na usizuie pumzi wakati wa kukaza misuli, hasa wewe mwenye presha, kwa sababu kukaza huku umebana hewa kunaipandisha.

Yapo ya tahadhari mengine. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye jeraha au mjamzito amuulize anayemhudumia kabla ya kukaza hapa na pale. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani si ya kulalia mkeka, ni ya kukimbilia hospitali. Na wapo watu, hasa waliopitia mambo mazito, ambao kulegea kwenyewe kunawatia hofu. Mwili umekaa doria kwa miaka, ukiuambia ushushe silaha unapata wasiwasi. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe kufumba macho. Afanye mikono tu, akiwa amekaa, mlango ukiwa wazi, au afanye na mtaalamu.

Wengine wanaogopa kwa sababu nyingine. Nimeulizwa na mwenzangu wa kwaya kama hili si yoga, na kama yoga si dini ya watu. Nilimjibu kwamba Jacobson alikuwa daktari aliyekuwa akisoma mita ya umeme, hakuna jina linalotajwa wala sauti inayotolewa, unakunja ngumi na kuikunjua. Akaridhika. Halafu akaniuliza kama anaweza kufanya huku anasali, nikamwambia hilo aongee na mchungaji.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda zaidi, ambalo hospitali hawakunifundisha.

Ukikaa Dodoma muda wa kutosha utaiona ngoma ya Wagogo, kwenye sherehe, kwenye mapokezi ya viongozi, au Chamwino ambako kuna tamasha la muziki wao. Muheme ni ngoma za akina mama. Wanazibana katikati ya mapaja, ngoma imeinama kidogo, mikono miwili inapiga, na mwili mzima uko nyuma ya mikono hiyo. Mbele yao wanacheza wengine, na uchezaji wa Kigogo una mabega yanayotikisika haraka, haraka kuliko jicho linavyoweza kuhesabu, huku shingo ikiwa huru na miguu ikikanyaga vumbi kwa mpigo mmoja. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa hapa aliyefariki 2003, aliupeleka muziki huu wa zeze na ilimba, ile ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, mpaka Ulaya. Ila kwenye rekodi hupati mabega. Mabega ni lazima uyaone.

Niliwahi kukaa karibu kabisa na mama mmoja mpigaji, mtu mzima wa kunizaa. Nilimwangalia mikono kwanza, halafu nikaanza kumwangalia taya. Limelegea kabisa. Anapiga kwa nguvu ya kutosha kutikisa benchi nililokalia na uso wake umelala. Kila pigo mkono unakaza na kuachia, unakaza na kuachia, na kilichokuwa hakina kazi hakikukazwa. Ngoma ilipotulia nikamwamkia, "Mbukwenyi," Kigogo changu chote kikaishia hapo, akacheka akanijibu kwa Kiswahili. Nikamuuliza kama hachoki.

"Nichoke na nini, mwanangu? Nikichoka ngoma inasikika vibaya."

Yupo Mmarekani mmoja, David Berceli, aliyefanya kazi katika nchi zenye vita Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye alitunga mazoezi ya kuchosha misuli ya miguu na nyonga mpaka mwili uanze kutetemeka wenyewe, akiamini kwamba kutetemeka huko kunautoa mkazo uliobaki baada ya hofu. Ushahidi wa kitafiti wa njia yake bado ni mdogo ukilinganisha na ule wa Jacobson, na mtu aliyeumizwa sana na maisha asiijaribu peke yake kwa kufuata video. Lakini nikiyaona mabega ya Chamwino siwezi kusema hana hoja hata kidogo.

Ila sipendi wanaoiita ngoma tiba. Wale akina mama hawakuja kutibiwa. Wamekuja kwa sababu kuna jando, kuna harusi, kuna mgeni, na wanaopiga vibaya watasemwa. Faida kwa misuli imekuja pembeni, na labda ndiyo maana imekuja vizuri. Sisi tunaokaa kwenye viti vya magurudumu madogo chini ya kiyoyozi tumekosa sababu ya kutikisa mabega, basi tunaandikiwa na daktari. Hata vikundi vyetu vya jogingi vya Jumamosi alfajiri, ambavyo navikubali kabisa, ukiviangalia utaona watu wanakimbia wamekunja ngumi, wamepandisha mabega na wameuma meno. Moyo unafaidika. Shingo imebaki ofisini.

Kuna ugumu mwingine ambao ni wetu wa hapa. Dodoma mtu akisema akili imechoka, hachelewi kutaniwa kwamba ataishia Mirembe. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili iko mjini humu tangu enzi za mkoloni, na utani huo umeenea nchi nzima, lakini sisi tunapita getini pake tukienda sokoni. Matokeo yake watu wanakubali kuumwa mgongo, kuumwa kichwa, kuumwa tumbo, chochote kisichoitwa msongo wa mawazo. Mimi nimeacha kubishana na hilo. Anayesema anaumwa shingo namfundisha shingo. Akifika kwenye mabega, mara nyingi anaanza kuongea mwenyewe. Na pale anaposema hajalala wiki kadhaa, au haoni sababu ya kuamka, namwambia wazi kwamba hapo mkeka hautoshi, twende kwa wataalamu, na kama ni Mirembe basi ni Mirembe, nitamsindikiza.

Kwa vitendo, hapa kwetu kuna mambo mawili ya kuangalia. Moja ni baridi. Juni na Julai upepo wa Dodoma usiku hauna huruma, na sakafu ya saruji inanyonya joto mpaka misuli inajikunja yenyewe. Tandika blanketi chini ya mkeka na ujifunike, kwa sababu msuli wenye baridi haulegei hata uusomee nini. La pili ni watu. Nyumba ya kupanga yenye familia nne na uwanja mmoja haina kona ya kulala chali dakika 20. Ndiyo maana nasisitiza vidole vya miguu: vinakazwa ndani ya viatu, kwenye foleni, kwenye kikao, kwenye basi, na hakuna atakayejua.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa cha mtaani kimenipa dakika 10 kila tunapokutana. Mwanzo nilipewa kabla ya hisa, yaani sanduku likiwa mezani na fedha zikionekana. Nikawaambia akina mama wafumbe macho. Wote wakafumba, isipokuwa mweka hazina.

"Dada mhasibu," akasema, "wewe unajua kabisa kwamba hapa siwezi kufumba."

Hakuna wa kumbishia, alikuwa anafanya kazi yake. Sasa tunafanya mwishoni, fedha zikishahesabiwa na kufuli zote tatu zikishafungwa. Wale watatu wenye funguo huwa wanabaki nazo mkononi, na nikisema "kunja ngumi" wao wana cha kukunjia. Shida yao huja kwenye kuachia. Mmoja bado anakataa kabisa, anafanya zoezi zima kwa mkono wa kushoto tu, na kikundi kimeamua aachwe hivyo hivyo.